Maji Yaliyoshiba

Kazi yangu ya kwanza ilinuka, na sijawahi kuona haja ya kulificha hilo. Tulipomaliza chuo, wenzangu walipangiwa kliniki za mama na watoto, wakavaa magauni meupe na kuitwa Bibi Afya kwa heshima zote. Mimi pia niliitwa Bibi Afya, lakini nilipangiwa mabwawa ya majitaka ya Tabora. Nilivaa buti za mpira na gauni la bluu lililonywa harufu vizuri, na kwenye foleni ya sukari watu waliniachia nafasi bila kuombwa.

Mkuu wetu wa kazi alikuwa Mzaramo, kwa hiyo alikuwa mtani wangu tangu siku niliyoripoti. Alinipa baisikeli ya ofisi, kisanduku cha mbao chenye dawa za kupimia maji, na maneno machache.

"Mnyamwezi hata akisoma lazima abebe kitu," alisema. "Babu zako walibeba pembe, wewe utabeba chupa."

"Na Mzaramo hata akipewa ofisi lazima aigeuze uwanja wa ngoma," nilimjibu. Alicheka, akanionyesha njia ya kwenda mabwawani.

Wakati ule nyumba nyingi za mjini zilikuwa na vyoo vya shimo. Mabomba yalipita kwenye majengo machache yaliyojengwa na wakoloni: nyumba za reli, hospitali, shule za bweni, ofisi. Machinjio nayo yaliunganishwa, na siku za kuchinja maji yalikuja mekundu. Yote yalikutana chini ya mji na kuingia katika mabwawa matatu yaliyopangwa kwa mteremko. La kwanza lilikuwa jeusi na lilitoa mapovu mchana kutwa. La pili lilikuwa na rangi ya chai iliyochacha. La tatu lilitulia, halikunuka sana, na bata maji walitua humo. Wageni wa serikali walipelekwa kwenye bwawa la tatu peke yake, kwa sababu mgeni akiona bata anaamini.

Mimi sikuamini, na hili ndilo jambo pekee nililolileta kutoka chuoni ambalo lilinifaa maishani. Mwalimu wetu alikuwa na tabia ya kuinua glasi ya maji yaliyotoka mabwawani, meupe kabisa, akatuuliza yana nini. Tulikuwa tunajibu hayana kitu. Naye alikuwa anasema: "Mmeondoa uchafu. Hamjaondoa chakula." Kila tunachokula kina naitrojeni na fosforasi, na tukishakitumia vinatoka nasi, katika mkojo, katika kinyesi, katika damu ya ng'ombe inayosafishwa sakafuni. Mabwawa yanaua vijidudu na kuzamisha tope, lakini vitu hivi viwili vinayeyuka na kupita. Maji yanatoka meupe, yameshiba. Na chakula hakikosi mlaji. Yakipita shambani, mahindi yatakula. Yakitulia mahali penye jua, ukoga wa kijani utakula, utazaliana, utafunika maji yote, kisha utakufa na kuoza, na maji yatakuwa mabaya kuliko yalivyokuwa mwanzo.

Kwa bahati, maji yetu yalikuwa na mlaji mwingine. Kutoka bwawa la tatu mtaro ulikwenda upande wa Itetemia, ukafuata ile njia ya zamani ya wapagazi, ukateremka mpaka kwenye mbuga palipokuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Vibarua waliochimba mtaro huo walikuwa wakiokota shanga nyekundu udongoni, za misafara, wakawapelekea watoto wao. Pale mtaro ulipoingia kwenye lambo paliota mafunjo. Hakuna aliyeyapanda. Yalipata maji mwaka mzima na chakula cha mji mzima, yakasimama pale mlangoni, marefu na mazito, na maji yalipita katikati ya mashina yake kabla ya kufika kwa ng'ombe. Lambo lilikuwa safi. Nililipima nilipoanza kazi na rangi kwenye chupa yangu haikubadilika sana, nikaandika hivyo, na hakuna aliyenipongeza kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba lingeweza kuwa vinginevyo.

Kando ya lambo hilo ndipo mama yangu alipohamishiwa.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa mbele zaidi kwenye njia ileile, upande wa machweo. Baba alikuwa ameshafariki. Operesheni ya vijiji ilipofika, lori lilikuja likasimama uani, na mama akaambiwa achukue anachoweza. Alichukua kinu, mundu wake, kuku, na mlango. Mlango ulikuwa wa mninga, baba aliuchonga mwenyewe, na mama alikaa juu yake kwenye lori ili usichubuke. Walishushwa kwenye mistari ya viwanja iliyopimwa kwa kamba. Alijenga nyumba ya miti na udongo, akauweka mlango ule, nao ulikuwa mzuri kuliko nyumba yenyewe.

Sikuwapo siku hiyo, nilikuwa chuoni. Nilipokwenda kumwona aliniambia bila kuinua sauti: "Nimekuja kwa sababu walisema hapa kuna maji. Na maji yapo, sikatai. Lakini mlango huu hautang'olewa tena nikiwa hai." Mama hakuwa mtu wa kurudia maneno, na alilolisema mara moja alilichukulia kuwa limeshasemwa.

Alishona majamvi. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake wengi pale: kukata mafunjo, kuyapasua, kuyaanika mpaka yalainike, kisha kuyashona kwa kamba ya katani na sindano ndefu. Majamvi yalipelekwa mjini kwa baisikeli. Mwenye duka mmoja wa Kihindi pale Gongoni aliyachukua kwa ajili ya kuanikia karanga, misikiti iliyachukua, na wenye nyumba za kupanga waliyatumia kama dari. Kila mwanamke alikata alipotaka na siku aliyotaka. Asubuhi ukipita utawakuta majini hadi magotini, wanasalimiana mwangaluka, mwangaluka, huku miundu inakwenda.

Jumapili nilikuwa nikienda kwake kwa baisikeli ile ya ofisi. Alikuwa ananitandikia jamvi kivulini, tunakaa tumenyoosha miguu, tunakula matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikaanikwa, kwa karanga. Katika nyumba ya mama hapakuwa na kiti. Viti alisema ni vya watu wanaokuja kuondoka.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mwaminifu kupita kiasi. Ninasema hivyo kwa sababu waliosimulia habari hii baadaye walimfanya mwizi au mjinga, na hakuwa hata kimoja. Siku moja wanawake wawili waligombana majini, kila mmoja akidai upande fulani wa mafunjo ni wake, wakafikia kuvutana vilemba. Mwenyekiti aliitisha mkutano. Alisema mafunjo si ya mtu, ni ya kijiji, na huu mtindo wa kila mtu kujikatia ni ubinafsi unaoanza kidogokidogo. Alipendekeza mafunjo yasiguswe na yeyote mpaka siku ya pamoja, baada ya mavuno, ambapo kijiji kizima kitayakata na kuezekea shule. Watu walipiga makofi. Mama naye alipiga makofi. Alikuwa amechoshwa na kelele za wale wawili. Mgambo mmoja akapewa kazi ya kukaa kwenye tuta na rungu.

Siku ya pamoja haikufika. Kwanza ilisogezwa kwa ajili ya tumbaku. Kisha ilisogezwa kwa sababu ya ugeni, na mgeni alionyeshwa mafunjo yaliyosimama kama ukuta, akaambiwa hii ndiyo nidhamu ya kijiji, akafurahi. Kisha shule ikaletewa mabati. Mafunjo yakawa hayana kazi, lakini hakuna aliyesimama mkutanoni kusema sheria iondolewe, maana sheria ilikuwa ya wote, na jambo la wote huwa halina mtu wa kulianza. Mgambo akaendelea kukaa kwenye tuta.

Kiangazi kilichofuata mafunjo yaliyozeeka yalikauka yakiwa wima, kisha yakaanza kulala majini. Yalioza. Vyote yalivyokuwa yamekula kwa misimu, chakula chote kile cha nyumba za reli na hospitali na machinjio, yalivirudisha kwa mara moja. Lambo likawa kijani. Mwanzoni lilikuwa la kupendeza kidogo, kama nguo mpya, na watoto walichora humo kwa vijiti. Baada ya muda ukoga ulijikusanya kwenye kingo ukawa mzito kama mlenda, ukaanza kunuka, na ng'ombe wakaanza kufa. Wengine walikufa palepale walipokunywa.

Bwana Mifugo alikuja kutoka mjini, akatazama, akasema maji haya ni sumu, na kwamba kama hayatasafika kijiji kitahamishiwa mahali pengine, kwenye barabara kuu, palipochimbwa kisima cha pampu. Alisema atarudi na wakubwa mvua zikianza.

Habari ilifika ofisini kabla sijaisikia kwa mama. Mkuu wangu aliniita, na safari hiyo hakunitania.

"Nenda ukaone kama ni sisi," alisema.

"Na kama ni sisi?"

"Utaniambia mimi kwanza."

Nilikwenda na kisanduku. Nilipima bwawa la tatu, nikapima mtaro juu, katikati, na mwisho. Ilikuwa ileile ya siku zote. Mji haukuwa umeongeza wala kupunguza. Ila maji yaliyoingia kwenye lambo na maji yaliyokuwamo ndani yalikuwa mbalimbali kabisa, na ya ndani ndiyo yaliyoshiba zaidi. Hapo sikuelewa. Nilisimama kwenye tuta, mgambo akanisalimia kwa heshima, nikamuuliza kama kuna kitu kimetupwa majini, akaniapia kwamba hakuna aliyesogea pale tangu apewe rungu.

Nilikwenda kwa mama nikiwa nimechoka na nimekasirika, kwa sababu nilikuwa nimesomea jambo moja tu na jambo hilo lilikuwa limenikatalia. Mama alitoka na gunia, akalitandika kivulini.

"Utanisamehe, mwanangu, kaa kwenye gunia," alisema. "La mwisho limechakaa. Tangu mafunjo yafungwe sijashona hata jamvi moja."

Nilikaa. Nikatazama gunia. Nikakumbuka wale wanawake majini asubuhi na mizigo ikipanda mjini kwenye baisikeli, na karanga za Gongoni zikianikwa juu ya kitu kilichokuwa kimekula damu ya machinjio. Kila jamvi lililoondoka pale lilikuwa limeondoka na chakula ndani yake. Mafunjo hula, lakini hayana pa kupeleka. Usipoyakata na kuyatoa, utakuwa umeweka akiba ya uchafu mahali palepale ulipotaka kuuondoa. Wanawake hawakulijua hilo, wala mimi sikuwa nimelifikiria, wala mwalimu wangu hakutufundisha habari za majamvi. Mama alikuwa anataka pa kukaa, basi.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hiyo tukikata, hatuhami?"

Nikasema, tukikata na kuyatoa yaliyooza, maji yatasafika. Hakuuliza yatasafika lini, nami nilifikiri ameelewa kwamba sijui.

Jioni ile nilikwenda kwa Mwenyekiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Bibi Afya," alisema, "unataka nisimame mbele ya watu niseme kwamba ubinafsi ulikuwa unasafisha maji?"

"Sisemi ubinafsi, Ndugu Mwenyekiti. Nasema kukata."

"Walikuwa wanakata kila mtu kivyake."

"Wakate pamoja basi. Maji hayajali."

Aliinua kichwa. Kisha akasema sheria iliyopigiwa makofi na wote haiwezi kuondolewa na mtu mmoja sebuleni kwake, na kwamba lazima kwanza awape taarifa viongozi wa juu, kwa kuwa ugeni ulishaonyeshwa mafunjo yale. Sikumchukia, lakini nilihesabu mawingu nikienda nyumbani. Alituma taarifa, akasubiri jibu, jibu likachelewa, akatuma tena. Lilipokuja mbingu zilikuwa zimeshaanza kubadilika rangi upande wa mashariki.

Mkutano ulikuwa mfupi, sheria ikaondolewa. Kesho yake kijiji kizima kiliingia majini. Nimeona kazi nyingi za pamoja katika miaka ile, na nyingi zilikuwa za kupigia picha, lakini ile ilikuwa kazi kweli. Wanaume walivuta yaliyooza kwa majembe ya meno, wanawake walikata yaliyosimama juu kidogo ya maji ili yachipue tena. Niliwaambia wasiyaache kingoni wala wasiyachome pale, maana mvua ya kwanza itarudisha kila kitu. Ilibidi yabebwe yapelekwe juu, kwenye mashamba ya mahindi yaliyo mbali na mteremko. Mafunjo yaliyolowa ni mazito kuliko yanavyoonekana. Mstari wa watu ulipanda ile njia ya zamani, mizigo vichwani, maji meusi yakiwachuruzika shingoni, na wazee wakaanza kuimba nyimbo za safari ambazo nilidhani zimesahaulika.

Mama alikuwa katikati ya mstari. Aliponifikia alisimama, mzigo kichwani, akanitazama mimi niliyeshika chupa.

"Babu yangu alibeba pembe mpaka Bagamoyo," alisema. "Mimi nabeba mavi ya mji. Kamwambie yule mtani wako."

Waliomsikia walicheka, naye akaendelea kupanda. Nilimwambia mkuu wangu kesho yake, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniuliza kama itatosha. Nikasema sijui. Nilikuwa najua, kwa kweli. Kazi ile ilikuwa sahihi na ilikuwa imechelewa. Tope la chini lilikuwa bado limeshiba, na mafunjo yaliyokatwa yalihitaji msimu mzima kuchipua na kuanza kula tena.

Wakubwa walikuja mvua za kwanza zilipoanza. Mwenyekiti alikuwa ameazima viti vya shule, akavipanga kwenye tuta. Niliambiwa nikae kwenye kimoja, pamoja na Bwana Mifugo na wenzake, kwa kuwa nilikuja kwa niaba ya ofisi. Wanawake walikaa chini upande wa pili, mama miongoni mwao, amekunja miguu, mundu mapajani. Lambo lilikuwa mbele yetu. Halikuwa kijani kama zamani, lakini lilikuwa bado kijani.

Mwenyekiti alizungumza vizuri. Alieleza makosa ya sheria ile bila kujitetea, akaonyesha mashina yaliyokatwa na machipukizi mapya. Kiongozi wa msafara alimsikiliza, kisha akanigeukia.

"Bibi Afya, wewe ndiye mtaalamu hapa. Haya maji, leo, ng'ombe wanaweza kunywa?"

Kisanduku changu kilikuwa magotini. Dawa mojawapo ilikuwa imekwisha na nyingine hazikupatikana kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni, lakini sikuhitaji dawa. Kingoni, karibu na mguu wa kiti changu, ukoga ulikuwa umejikusanya. Ng'ombe wa watu walikuwa wamefungwa nyuma yetu, na watoto walikuwa kila mahali. Nilimwona mama ananitazama. Hakunifanyia ishara yoyote.

"Bado," nilisema. "Yatasafika mvua zikipita. Ila leo bado."

"Ng'ombe hawanywi yatasafika," alisema kiongozi, na hakusema kwa ubaya.

Ningeulizwa leo ningejibu vilevile. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, kwa upande huu na upande ule, na kila mara naishia kwenye neno lilelile. Lakini iliniuma, na inaniuma, na sitajifanya haikuniuma.

Lori lilikuja kabla barabara hazijawa tope. Niliomba ruhusa nikaenda kumsaidia mama kufungasha. Nilimkuta ameshaung'oa mlango mwenyewe, ameulaza chini, amekaa pembeni yake. Nilimwamkia, akaitikia. Hakunilaumu, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Alisema tu: "Ulisema kweli," kisha akaniomba nishike upande mmoja.

Kijiji kipya kilikuwa kwenye barabara kuu, pakavu, udongo mwekundu, pampu katikati. Maji ya pampu nilikwenda kuyapima mwenyewe, na yalikuwa mazuri. Mama alijenga tena, akaweka mlango. Jumapili ya kwanza nilipofika, aliingia kwa jirani, akatoka na kiti. Akakiweka kivulini, akakipangusa kwa ncha ya khanga.

"Karibu ukae," alisema.

Nilidhani ni kwa sababu hana jamvi. Nikasema gunia linatosha. Akasema hapana, wewe ni mtu wa ofisi, utachafua nguo. Nikakaa kwenye kiti, yeye akakaa kizingitini, tukala matobolwa, mimi nikiwa juu na yeye chini, na sikujua pa kuweka miguu yangu. Kila nilipokwenda ilikuwa hivyohivyo. Alizungumza nami vizuri, aliniulizia afya, alicheka utani wa ofisini, na kila mara alikwenda kwa jirani akaazima kiti. Nilikichukia kile kiti kuliko nilivyowahi kuchukia kitu chochote. Sikuweza kukikataa, kwa sababu kukikataa kungekuwa kuomba msamaha kwa neno ambalo sikuwa na msamaha wake.

Mvua zile zilipita, na lambo likasafika, kama nilivyosema. Niliendelea kulipima, maana mtaro ulikuwa bado wa kwetu. Machipukizi yalipanda kwa njaa, yakajaza mlango wa lambo, na maji nyuma yake yakawa meupe mpaka chini. Bata maji walihamia. Hapakuwa na ng'ombe wala mtu, kulikuwa na mistari ya kuta za udongo zilizoanza kuyeyuka. Msimu uliofuata mafunjo yalirefuka, na katikati yake niliona mabua ya kwanza yanageuka rangi.

Nilimwambia mama. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti.

"Maji yalisafika," nilisema.

Alikuwa anachambua karanga. Hakuinua uso. "Na mafunjo?"

"Yamerefuka. Yameanza kukauka."

"Nani anakata?"

"Hakuna."

Aliendelea kuchambua karanga mpaka za ungoni zikaisha. Kisha aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mundu wake ukiwa umeviringishwa kwenye kitambaa. Ulikuwa umenolewa. Akanipa.

Asubuhi ya Jumamosi niliingia majini na buti zangu za ofisi, zikajaa, nikazivua. Sikuwa nimewahi kukata mafunjo maishani. Nilikuwa mtoto wa shule, na baadaye nilikuwa mtu wa chupa. Nilijikata kidole. Mikono ilivimba. Nilikata juu kidogo ya maji, kama nilivyokuwa nimewaagiza wengine, na nilipomaliza nilikuwa nimefungua pengo dogo ambalo mtu asiyejua asingeliona. Mtu mmoja hawezi lambo. Nilijua hivyo kabla sijaingia. Nilifunga mzigo kwa kamba ya katani, nikaujaribu kwenye baisikeli ukanishinda, nikautia kichwani na kupanda ile njia mpaka barabarani, maji yakinichuruzika shingoni. Kondakta wa basi hakutaka kuupakia. Nilipomwambia ni wa mama yangu akaupandisha juu.

Mama aliupokea, akaufungua. Aliyanusa mafunjo, akachagua, akatupa kando yale niliyoyakata yakiwa machanga, ambayo yalikuwa mengi. Jumapili iliyofuata yalikuwa yanakauka juani, na iliyofuata alikuwa anashona, mimi nikiwa kwenye kiti naangalia sindano ikiingia na kutoka.

Kisha nikaja siku moja nikamkuta amekaa kivulini, amenyoosha miguu, kwenye jamvi jipya. Lilikuwa dogo, la watu wawili. Mafunjo hayakutosha kwa kubwa. Kile kiti kilikuwa pale karibu na mlango, na nilikwenda kukichukua mwenyewe, kwa mazoea.

"Kirudishe kwa wenyewe," alisema mama. "Kisha uje ukae."

Nilikipeleka kwa jirani. Niliporudi alikuwa amesogea upande mmoja.